Kidari cha Aliyeliwasha Gari

Hapo zamani, na msinikodolee macho mkingoja sungura na fisi, maana zamani yangu ni ya juzijuzi tu, aliishi Mwika, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mjane aitwaye Nsia. Watu walimwita Mama Elinami, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mwanamke wa usafi kupita kiasi. Hata kuni alizifuta vumbi kabla ya kuziingiza jikoni. Shikeni neno hilo, tutalihitaji mbele.

Mumewe, Mzee Kundaeli, alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: gari. Alilinunua kwa mgeni mmoja mwenye hoteli aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Gari kubwa, la juu, la kifahari, viti vya ngozi, vioo vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza. Lilikuwa limeshazeeka hata siku ile linaingia Mwika, lakini mzee alilipenda hivyo hivyo. Alilipapasa, alilisemesha, mvua ikinyesha alikimbilia kulifunika turubai huku nguo za mkewe zikilowa kwenye kamba. Mama Elinami akalipa jina. Akaliita Mke Mwenza.

"Leo unalala kwangu au kwa mke mwenza?" alimuuliza mumewe akichelewa kutoka bandani.

"Kwako, Mama Elinami. Yule hajui kupika."

Basi wakacheka. Ndivyo walivyoishi, wakitaniana hadi mvi.

Mzee alitaka mkewe ajifunze kuendesha. Mkewe akaona haya. Mama mzima, mzee wa kanisa, akosee gia mbele ya majirani? Mzee Kundaeli akapata hila. Akachukua kaseti, akajifungia chumbani na redio yake ya kurekodi, akasema yote ambayo dereva wa gari lile anapaswa kuyajua. Akamkabidhi: "Kaa mwenyewe ndani ya gari, funga milango, nisikilize. Hakuna atakayekucheka." Mama Elinami akasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Siku moja kitinda mimba wao, Ndesario, akiwa bado mtoto mdogo, aliingia garini kimya kimya, akaichukua ile kaseti, akaisukuma kwenye redio ya gari. Ikaingia upande. Ikakwama. Redio haikuimba tena, kaseti haikutoka tena. Mzee Kundaeli, ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa mtu, siku hiyo alipandisha. "Mharibifu! Mkono wako usiguse tena gari hili!" Na jina lile likamganda mtoto. Hata alipokuwa mtu mzima, fundi cherehani mwenye duka lake Himo, ndugu zake walipotaniana walimwita Mharibifu, naye alicheka midomo tu.

Haukupita muda mrefu mzee akaugua, akafa. Gari nalo, kama lenye matanga, likanyamaza. Ufunguo ukageuzwa, gari kimya.

Mama Elinami hakuliuza. "Tumebaki wajane wawili," alisema, "nimfukuze mwenzangu aende wapi?" Kila ilipokaribia Krismasi, watoto wakiwa njiani kurudi nyumbani, alimwosha mke mwenza wake. Alimwosha nje, akamwosha ndani, akafungua boneti akaisugua injini kwa sabuni na ndoo za maji kama anavyosugua sufuria ya ngande, yale mahindi na maharage yanayogandia. Iling'aa hata ungeweza kujitazama. Akafunga boneti, akaridhika.

Sasa sikilizeni kilichomuuma mama huyu. Mzee akiwa hai walikuwa na kaseti nyingi, nyingine zenye sauti ya mzee akisalimia, akiomba, akiimba vibaya. Lakini nyumba ile ilipenda kwaya. Kila kaseti iliyopatikana ilirekodiwa kwaya juu yake. Mzee alipokufa wakatafuta sauti yake, wakakuta nyimbo za Pasaka. Picha zake zilikuwepo ukutani. Sauti haikuwepo popote, isipokuwa mle garini, kwenye ile kaseti iliyokwama.

Mwaka mmoja, masikio ya Mama Elinami yakaanza kuziba. Kwanza hakuwasikia ndege, kisha kengele ya kanisa. Daktari hakumficha: yanafunga, na kifaa kitasaidia kwa muda tu. Watoto walipofika Krismasi na zawadi zao, aliwakalisha.

"Kitenge sitaki. Blanketi sitaki. Nataka kumsikia baba yenu kabla mlango huu haujafungwa." Akashika sikio lake.

Mtaniambia, si wangeing'oa redio tu? Walisema hivyo. Mama akasimama mbele ya gari akatandaza kanga yake. "Bisibisi isiguse dashibodi ya mume wangu. Atasemea pale pale alipokaa, au asiseme." Nani angebishana naye?

Aliyeanza ni Elinami, mkubwa, fundi umeme wa majumba huko Arusha, mtu wa polepole. Alichomoa betri ya gari lake mwenyewe, akaifunga kwenye gari la baba, akamimina na petroli mpya. Akageuza ufunguo. Gari kimya. Akawasha taa za mbele, zikatoa mwanga wa kibatari. Hakukasirika. Alilala chini ya gari, akazifuata nyaya moja moja kwa testa yake, akaufikia ule waya mnene unaoifunga betri na bodi ya gari. Ulikuwa umeota kutu mpaka umeme haupiti. Akaukwangua kwa msasa. Kisha akafungua kisanduku cha fyuzi, akaona kila mguu wa fyuzi umekuwa wa kijani kwa maji. Akainua kichwa, akamtazama mama yake, akafumbua mdomo.

Dada yake, Aikande, akamkanyaga mguu.

"Ni panya, Mama," alisema Aikande kwa sauti kubwa. "Panya wamekojolea nyaya."

"Nilijua!" alisema Mama Elinami. "Panya wa banda hili hawana adabu."

Elinami akasafisha fyuzi zote, nyingine akazibadilisha. Taa zikawaka kama za siku ya kwanza. Akabonyeza honi, na honi ikalia hata mbuzi wakaruka. Mama alipiga vigelegele. Lakini alipogeuza ufunguo, gari kimya. Umeme ulifika kwenye swichi ya ufunguo ukaishia hapo hapo. Siku nzima Elinami aliugeuza, akauchomoa, akaupaka mafuta, akaugeuza tena. Jioni aliketi juu ya ndoo, akasema, "Mimi nimefika mwisho wangu."

Ndipo Aikande akaomba kuketi kwenye usukani. Aikande alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kuhusu umeme alijua kuzima na kuwasha. Lakini utotoni yeye ndiye aliyeketi kiti cha mbele kushoto, akiutazama mkono wa baba kila safari ya sokoni. Alifumba macho. Akakanyaga breki. Akaitoa gia kwenye paki akaiweka frii. Akageuza ufunguo, akauinua juu kidogo, taratibu, kama unavyoinua kidevu cha mtoto anayelia, akaushikilia hapo.

Dashibodi ikawaka yote. Stata ikazunguka, ikakohoa, ikazunguka tena, na injini ikashika. Banda lilijaa moshi na watu wakajaa machozi, na si yote yalikuwa ya moshi.

"Ulijuaje?" aliuliza Elinami.

"Sikujua. Mkono wake ndio ulijua."

Redio ikawaka taa zake. Wote wakangoja. Redio ikafanya krr, krr, ikanyamaza. Kaseti haikuzunguka.

Mama Elinami hakulia. Aliweka kiganja juu ya redio, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Hapo ndipo Ndesario, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa banda tangu asubuhi bila kulisogelea gari, alisema neno alilolibeba tangu utoto.

"Mama, kuna njiti ya kiberiti mle ndani. Kaseti ilipokataa kuingia niliisukuma kwa njiti, ikakatikia humo. Sikumwambia Baba. Niliogopa."

Mama akamtazama.

"Njoo uitoe basi."

"Baba alinikataza kuligusa."

"Mimi ni mama yako, na nakuruhusu. Ingia."

Ndesario akaingia. Alitoa kikoleo chake kidogo cha kuvutia nyuzi, akakipitisha kwenye mdomo wa redio bila kukwangua chochote, akapapasa, akapapasa, akatoka na kipande cha njiti kilichooza. Akaisukuma kaseti kwa kidole, ikakaa sawa. Aikande bado alikuwa ameushikilia ufunguo. Na sauti ikatoka.

"Mama Elinami! Umekaa? Vuta kiti mbele, miguu yako mifupi."

Ee bwana. Mama Elinami aliinamisha sikio lake lenye nafuu mpaka likagusa dashibodi.

"Kwanza usiogope. Gari hili halikuzidi akili. Ufunguo ukigoma, uinue juu kidogo, uubembeleze. Taa zikififia, tazama ule waya mnene, hupenda kutu. Na nakusihi sana mke wangu, nakujua, usije ukaiosha injini kwa maji kama sufuria. Utaniulia gari."

Watoto wakatazama chini. Mama Elinami akageuka polepole, akamtazama Aikande.

"Panya, siyo?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Na sauti ikaendelea, ikawa ya chini, na mama akawanyamazisha kwa mkono.

"Na siku nisipokuwepo, gari likakataa kabisa, atakayekuwashia nawe ukafika unakotaka kufika, mpe kidari changu. Huyo atakuwa amekaa mahali pangu. Basi. Washa, twende."

Nyuma ya maneno hayo alisikika jogoo aliyekwishaliwa miaka mingi, kisha kaseti ikaisha.

"Twende," alisema Mama Elinami, akimjibu mumewe kama yuko kando yake, ingawa gari halikutoka bandani.

Sasa mjue, katika nyumba ile kidari cha mbuzi wa Krismasi kilikuwa cha baba, hakikatwi wala hakigawanywi. Tangu afe, kilichomwa, kikawekwa kwenye sahani yake, na jioni kikapelekwa kwa jirani mgonjwa. Mwaka huo, usiku ule ule, kilitoka motoni kinachuruzika mafuta, na Mama Elinami akakishika mkononi, kisu kando. Majirani wakatega masikio.

Elinami akasema, "Mama, gari lilikuwa maiti. Ni mimi niliyelala chini yake siku nzima, nikaukwangua ule waya, nikasafisha fyuzi. Bila umeme, Aikande angeinua ufunguo akaambulia kuinua. Mimi ndiye niliyeliwasha."

Aikande akasema, "Kaka ameleta umeme, kweli. Ukafika mlangoni ukasimama. Neno la Baba lilikuwa kuwasha, na injini iliwaka mkononi mwangu, kwa mkono niliojifunza kwake. Na mkiniambia kidari cha baba hakiliwi na binti, basi mwiteni Baba aseme hivyo, kaseti bado ipo."

Mama alimgusa Ndesario goti, ndipo naye akasema.

"Baba alisema, ukafika unakotaka kufika. Mama hakutaka kwenda sokoni. Alitaka sauti. Kaka na dada waliwasha gari, mimi niliwasha sauti. Tena, msinicheke. Kama nisingeikwamisha ile kaseti, leo ingekuwa na kwaya juu yake kama zile zote. Uharibifu wangu ndio uliomtunza Baba."

"Uharibifu wako ndio uliomfanya Mama angoje miaka yote hii!" alisema Elinami. "Kama usingeikwamisha angeisikia mzee akiwa hai, akajua kuhusu waya, akajua kuhusu maji, na gari lisingekufa hata kidogo!"

"Angeisikia?" alisema Aikande. "Alikuwa akisema kesho."

Wakamgeukia mama. Na jirani mmoja mzee, aliyekuwa ameshiba mbege, ile pombe ya ndizi, akatupa lake kutoka kwenye benchi: kidari ale mjane mwenyewe, kwani asingemwosha mke mwenza kila mwaka kwa mapenzi, kutu isingekuja, kweli, lakini gari nalo lingekuwa limeuzwa kama vyuma chakavu zamani.

Kule bandani injini ilikuwa bado inanguruma. Aikande alikuwa ameuachia ufunguo, lakini hakuna aliyethubutu kuizima. Mama Elinami alishika kidari, akawatazama watoto wake, mmoja mmoja, watatu aliozaa na mzee mmoja. Kisha akaelekeza kwao sikio lake la kushoto, lile lenye nguvu kidogo.

"Semeni tena," alisema. "Nataka kuwasikia nyote."

Mimi nimewaachia hapo. Kidari ni kimoja, hakikatwi, na kinapoa. Aliyeleta umeme, aliyegeuza ufunguo, au aliyeikwamisha sauti akaja kuikwamua? Je, nani alistahili? Jibuni, wasikilizaji wangu, lakini jibuni kwa nguvu, maana Mama Elinami naye anataka kusikia, na masikio yake hayatawangoja.