Kanda la Mwantumu

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Ndivyo shangazi yako alivyokujibu, Hidaya, nawe umenuna. Tangu adhuhuri unalalamika kwamba mshonaji wako mmoja anaomba ruhusa kila wiki kwa ajili ya mtoto mgonjwa, na sasa wewe na wenzako mnataka kujua usufi umeingiaje katika habari za kazi. Haya, ketini, na simu hizo ziwekeni chini. Wengine wana yao, lakini bibi yenu alivyohadithiwa, methali hii ilianzia mlangoni pa karakana ya magodoro, huko upande wa Muheza.

Zama hizo watu walilalia usufi, si sponji hizi zenu zinazobonyea baada ya mwaka. Mzee Semboja alikuwa na karakana yenye wanawake kumi na wawili. Walichambua usufi, wakatoa mbegu, kisha wakaushindilia katika makanda, ile mifuko mirefu ya kusukwa kwa ukindu, tayari kwa washonaji. Usufi hauna uzito. Mtu alijitwika makanda matatu na bado akapata pumzi ya kuimba.

Na palikuwa na desturi. Ukimwona mwenzio anaingia na mzigo kichwani, unainuka kumtua. Kuni, mtungi wa maji, mihogo, chochote, unamtua. Ila kanda la usufi. Hilo ungeinuka kumtua mtu, ungechekwa mpaka jioni.

Mmoja wa wale wanawake aliitwa Mwantumu. Hakuwa na mume, hakuwa na ndugu wa karibu, alikuwa na mama tu. Mama huyo, Bi Mwanjaa, alikuwa kungwi wa kusifika, mwanamke wa udi na mashuka meupe. Siku moja akaanguka uani, akapooza upande mmoja. Tangu hapo hakuweza kujizuia haja. Alimwita bintiye akamshika mkono kwa ule mkono uliobaki na nguvu, akamwapisha: "Watu wasijue. Waambie naumwa miguu tu."

Mwantumu akaapa. Sijui nani angekataa.

Basi kila alfajiri alimwosha mama, akamlisha uji, akakusanya mashuka na makhanga, akayatia katika kanda chakavu la karakana na kwenda nayo mtoni. Kisima cha kwao kilikuwa kimekauka. Akishafua na kukamua, jua limetoka, na kurudi nyumbani hakuna nafasi. Akajitwika kanda lile peke yake, kwa kuchuchumaa na kusukuma kwa goti, akaenda nalo kazini ili aanike nyuma ya karakana, penye majani marefu ambapo hakufika mtu.

Kila siku alichelewa. Kila siku aliingia shingo imelowa, na wenzake wakadhani ni jasho la kukimbia. Walikuwa wamekaa wote kumi na mmoja hapo kibarazani, mikono imejaa usufi, na hakuna aliyeinuka. Wainuke kwa nini? Waliona kanda. Alipita katikati yao shingo inamuuma, akawasalimia, wakamwitikia, wakaendelea na wimbo wao. Hiyo ndiyo ilikuwa ikimliza kule nyuma alipokuwa akianika. Si uzito. Ni kupita mbele ya watu wote wale kila siku kama mtu asiyebeba kitu.

Kisha maneno yakaanza. Ikasemwa kwamba Mwantumu anaokota usufi wa misufi ya porini alfajiri, anauza kwa siri, ndiyo maana hafiki kwa wakati. Mzee Semboja akasikia. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa saa. Akamwonya mara moja, akamwonya mara ya pili. "Ya tatu," akamwambia, "nafasi yako nitampa mwingine." Mwantumu alijua maana yake. Kazi ikienda, na uji wa mama umekwenda.

Akajaribu. Akaamka mapema zaidi. Lakini siku ya nne mama akajichafua mara mbili, na Mwantumu akafika jua likiwa juu ya paa. Mzee Semboja alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiyo ya tatu hii, Mwantumu. Unakuja saa hizi, na kanda kichwani! Umebeba nini cha kukuchelewesha hivyo?"

Mwantumu akalishika kanda kwa mikono miwili.

"Nakuuliza, mwanangu. Unauza usufi?"

"Siuzi, mzee."

"Basi lete niuone."

Akanyoosha mkono mmoja kulishusha, kama alivyoshusha makanda elfu maishani mwake, kwa vidole tu. Kanda likateleza kichwani kwa Mwantumu likamvuta mzee bega, nusura aanguke nalo. Likatua chini kwa kishindo, mdomo ukafunguka. Mashuka yaliyokamuliwa yakatoka, na khanga za mwanamke mtu mzima, na vitambaa vilivyochanwa kama nepi za mtoto.

Wimbo ukakatika. Wale wanawake walikuwa wamelea watoto, walijua walichokiona.

"Nani huyo?" Mzee akauliza polepole.

"Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo wa Ramadhani."

"Miezi saba! Na unapita hapa kila siku na hili, sisi tumekaa tunakutazama?"

"Niliapishwa, mzee." Akapiga magoti kuyakusanya mashuka. "Mama asijue kwamba mmejua. Nifukuze, lakini asijue."

Mzee Semboja akashika bega lake. "Nimeishi na usufi miaka thelathini," akasema, "kumbe mzigo wa mwenzio nao ni kanda la usufi."

Hakumfukuza. Tangu siku ile usufi ulipelekwa kwa Mwantumu, akauchambua kando ya kitanda cha mama, na kulipeleka kanda karakana likijaa, saa yoyote. Mashuka akayafulia kwenye kisima cha karakana. Na mzee akaanza kuwauliza na wengine wana nini majumbani. Akagundua hakuwa amejua hata la mmoja. Bi Mwanjaa aliambiwa kazi imekuwa nyingi, kwa hiyo inafanyiwa nyumbani. Akaridhika.

Nisikudanganyeni kwamba upweke uliisha. Chumbani mle hamkuwa na wimbo, mlikuwa na pumzi za mama tu. Na kabla ya masika nazo zikakoma.

Baada ya arobaini Mwantumu alirudi karakana. Alibeba kanda la mwisho alilochambua kule, usufi mtupu, jepesi, hata mtoto angelibeba. Alipokanyaga kibaraza, Mzee Semboja akainuka, na wale kumi na mmoja wakainuka.

"Njoo nikutue, mwanangu."

"Ni usufi tu, mzee."

"Najua. Nikutue."

Akainamisha kichwa, akatuliwa, akalia mbele ya watu. Hakuna aliyecheka.

Basi, Hidaya, huyo mshonaji wako kesho akija kuomba ruhusa, usiangalie kwanza saa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.