Kwa Nini Sauti ya Mtu Hukatika

Hapo kale watu walikuwa na sauti moja tu, isiyopanda wala kushuka. Aliyelia, aliyecheka na aliyeomba maji walisikika sawa, na ilikubidi umtazame mtu usoni ndipo ujue anataka nini.

Enzi hizo aliishi mwanamke aitwaye Nyamizi, mke wa Lugembe. Msimu wa mtama kazi yake ilikuwa kukaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, akifukuza ndege. Ndege waliizoea sauti yake, wakala bila kujali. Basi akaanza kuijaribu. Aliishusha hadi akaisikia tumboni, akaipandisha hadi ikamgonga kwenye paji la uso. Akaikwaruza, akaitetemesha, akaipunguza ikabaki pumzi. Ndege wakatimka, watu wakaja kumwomba sauti.

Mama mwenye mtoto asiyelala alipewa sauti ya kubembeleza. Mchungaji alipewa ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Waliotaka kucheka walifundishwa kucheka.

Lugembe aliwaona wakija, akaona walivyoondoka wakitabasamu. Jioni mkewe alirudi amechoka, akasema maneno machache.

"Mchana kutwa unawapakulia watu," Lugembe alimwambia. "Mimi unaniletea ukoko."

"Wao waliniomba, mume wangu. Wewe hujaniomba hata moja."

Ni kweli hakuwa ameomba. Aliona aibu kusimama na majirani chini ya dungu lake mwenyewe. Siku moja kwenye pombe, jirani yake Masele akamtania: "Bwana Lugembe, mkeo yumo kooni mwa kila mtu hapa. Kwako kumebaki nini, kukoroma?" Wakacheka wote, kila mmoja kwa kicheko cha Nyamizi.

Lugembe alikwenda moja kwa moja shambani. "Zitoe zote," akaamuru. "Kutoka ya chini kabisa hadi ya juu, kwa pumzi moja, nizisikie mimi peke yangu. Kisha usimpe mtu tena."

"Koo halitastahimili."

"Mbona kwa wengine linastahimili?"

Nyamizi akavuta pumzi, akaanza. Sauti ilitoka chini, ikabembeleza, ikaita, ikacheka, ikazidi kupanda. Lugembe alifumba macho kwa raha. Ikakatika. Alipofumbua macho, mkewe alikuwa bado ameachama, na hakuna kilichotoka. Hakusema tena mpaka alipokufa, miaka tisa baadaye.

Miaka hiyo yote Lugembe alimsikia kila mahali: nyumba ya pili mtoto akibembelezwa, bondeni ng'ombe wakiitwa. Nyumbani kwake tu ndiko hakumsikia. Aliwaonea wivu hata ng'ombe.

Siku ya maziko watu walimlilia Nyamizi kwa sauti alizowapa, nzuri, kamili. Lugembe hakuwa na hata moja aliyofundishwa. Alifungua kinywa amwite mkewe kwa jina. Sauti ilipanda, ikakatika palepale ilipokatika ya mkewe. Hata Masele akatazama chini.

Na tangu siku hiyo sauti ya binadamu huenda itakako, juu na chini, lakini mtu anapomtaja aliyempenda na kumpoteza, hukatika. Wanaomsikia hutazama chini, wakamngoja mpaka aweze kuendelea.