Kitumbo na Bwawa la Ndivyo

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo pakawa ya walioshiba au ya wenye usingizi? Nauliza tena, paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Palikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Kiboko. Mnene huyo, jamani. Akiingia, chubwii, maji yanapanda mpaka kwenye nyasi. Na ulikuwa mwaka wa kiangazi kibaya, mito yote imekauka. Bwawa lilikuwa hilo hilo moja.

Sheria za Kiboko zilikuwa fupi. Kwanza anaoga yeye. Akishaoga anajisaidia humo humo, na mkia unatawanya, pwata pwata pwata. Hapo ndipo wengine wanywe. Na akisema neno lolote, wote wajibu, "Ndivyo, Bwana."

"Maji yangu matamu."

"Ndivyo, Bwana," wanasema pundamilia na ngiri na swala, huku wamebana pua. Msicheke, hata nyinyi mngesema.

Sasa, Kiboko alikuwa na mwana mmoja. Mama yake, kabla hajafa, alimwita Kitumbo, maana alizaliwa na kitumbo cha duara. Alikuwa mtoto kama watoto wengine. Alipenda kwenda majabalini kucheza na watoto wa Mama Pimbi, yule mnyama mdogo ambaye ukimwona kwa mbali utasema ni jiwe lenye manyoya. Siku moja, akiwa juu ya jabali, Kitumbo akaona maji yanameremeta ng'ambo ya uwanda wa magadi. Akashuka mbio, tii, tii, tii. Akakimbia, na maji nayo yakakimbia. Akarudi analia, ngozi imemkauka. Mama Pimbi akampaka tope mgongoni.

"Yale si maji, mwanangu," akamwambia. "Ni mazigazi. Ni joto tu linayachezea macho yako. Hayana hata tone."

Kitumbo akajifuta machozi, akacheka, akalishika neno hilo.

Lakini mtoto wa mkubwa haachiwi acheke sana. Meno yalipoanza kumtoka, Kiboko akamwita. "Kuanzia leo wewe si Kitumbo. Wewe ni Bwana Mdogo. Bwawa hili nitakuachia wewe." Majabali akakatazwa, watoto wa Pimbi akakatazwa. Kila asubuhi akasimamishwa ukingoni kufundishwa utawala, na somo la utawala lilikuwa moja tu.

"Jua hili ni jeusi," anasema baba.

"Sivyo, Baba, mbona..."

Hakumaliza. Alitolewa majini, akasimamishwa juani mpaka mgongo ukapasuka. Ngozi ya kiboko haiwezani na jua, inachanika. Akalia, na safari hii hakuna aliyempaka tope. Kesho yake baba akasema tena, "Jua hili ni jeusi."

"Ndivyo, Baba."

"Mwanangu huyo," akasema Kiboko, akamlamba kichwani. Maskini Kitumbo, hakuwahi kulambwa na baba yake kabla ya siku ile. Akaona kumbe ndilo neno linalonunua mapenzi, akalisema kila siku, mpaka ulimi ukasahau lile jingine.

Kiangazi kikazidi. Kiboko akatangaza, "Maji yaliyobaki ni yangu na ya mwanangu. Hanywi mtu."

"Ndivyo, Bwana," wakasema wote kwa ndimi zilizokauka.

Kule jabalini watoto wa Mama Pimbi walikuwa wamelala midomo wazi. Mama Pimbi akawatazama, akashuka, akaenda mpaka ukingoni.

"Bwana, nimekuja kukuaga," akasema. "Nilidhani unahama."

"Nihamie wapi mimi?"

"Kule. Au Bwana hayaoni?"

Kiboko akatoka majini, akatazama uwanda. Ilikuwa saa sita, jua la utosi. Kule mbali, meremete, meremete.

"Nayaona," akasema.

"Na Bwana anaona ni nini?"

"Si maji yale?"

"Mimi na udogo huu nimbishie Bwana?"

Kiboko akameza mate. Mengi kuliko haya, na hayana mwenyewe. Akawageukia wanyama. "Yale ni maji?"

"Ndivyo, Bwana," wakajibu wote, nao walikuwa wamepita uwanda ule tangu utotoni.

Hapo Kiboko akasita kidogo. Mchoyo alikuwa, lakini mjinga wa mwisho hakuwa. Akamsogelea mwanawe, akapunguza sauti. "Mwanangu, wewe una macho mazuri. Niambie. Yale ni maji?"

Mama Pimbi akamtazama Kitumbo. Kitumbo akamtazama Mama Pimbi. Neno lilikuwa pale pale kooni, dogo tu. Lakini mgongo ulilikumbuka jua, na kichwa kilikumbuka ulimi wa baba.

"Ndivyo, Baba."

Kiboko akamlamba kichwani, akaenda. Akakataza mtu yeyote asimfuate, asije akagawana naye. Tii, tii, tii. Akatembea, na maji yakarudi nyuma. Tii, tii. Akawa doa. Tii. Halafu hakuna tii tena.

Wanyama wakaingia bwawani wakanywa, na watoto wa Mama Pimbi wakanywa mpaka wakacheua. Kitumbo peke yake alibaki ukingoni anangojea lile doa ligeuke lirudi. Alikuwa amejuta tangu baba yake hajafika mbali. Angeweza kumkimbilia. Miguu ilikuwepo, lakini hakujua afike amwambie nini, kwa neno gani.

Basi akatawala yeye. Akaruhusu wote wanywe kwanza, yeye akaoga mwisho. Akawaambia, "Kuanzia leo kila mtu aseme anavyoona mwenyewe."

"Ndivyo, Bwana."

"Hilo ndivyo silitaki tena."

"Ndivyo, Bwana."

Akaenda majabalini. "Mama Pimbi, siku ile ulijua kwamba ninajua?"

"Nilijua."

"Na kama ningesema?"

"Baba yako angenikanyaga, na wanangu wangekufa kwa kiu. Nilikuwa nautazama mdomo wako tu, Bwana."

"Basi nilifanya vizuri?"

Mama Pimbi akawatazama wanawe. "Kwangu mimi ulifanya vizuri," akasema. "Kwako wewe sijui."

Kitumbo akashuka. Hata Mama Pimbi hakumwita Kitumbo tena, na hilo lilimuuma njia nzima.

Mchana mmoja mazigazi yalipowaka uwandani, alisimama mbele ya wote akasema, "Mimi ndiye niliyemuua baba yangu." Akawapitia mmoja mmoja kwa macho. Alitaka mmoja tu, hata awe ngiri, aseme sivyo.

"Ndivyo, Bwana," wakajibu wote.

Na mimi hadithi yangu naifunika kawa hapa. Atakayeifunua aongeze chumvi yake. Funzo lake, watoto wangu, ni kwamba mtoto mwenye adabu humkubalia mzazi wake kila asemalo. Na tena mimi ndiye msimulizi bora kuliko wote mliowahi kuwasikia. Au mnasemaje?