Amri Iliyorudi Nyuma

Jumbe Mwinyikondo alimwita Kidawa, muuza vitumbua, aliyekula pilau kwenye harusi ya bintiye bila kualikwa.

"Leo nimetoa amri. Anayedoea harusi ataosha masufuria ya mwenye harusi."

"Lakini mimi nilikula jana, Jumbe."

"Amri inarudi nyuma."

"Mpaka harusi za zamani?"

"Zote."

"Hata aliyedoea akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa nani. Katangaze mji mzima, kisha uje uoshe."

Kidawa akatangaza nyumba kwa nyumba, akarudi, akaosha huku akiimba. Alipomaliza, akamkabidhi Jumbe majivu na kumbi la nazi, akafungua mlango.

Nje, foleni ya wenye masufuria meusi kwa masizi ilifika sokoni.

"Hawa wote uliwalia pilau, Jumbe, na hakuna aliyekualika. Mimi zamu yangu nimemaliza."