Ufunguo wa Pili

Mtu mmoja alikuwa na nyumba karibu na chuo, katika mji wa nyanda za juu ambako baridi huingia hadi kwenye mifupa. Chuo hakikuwa na mabweni ya kuwatosha wanafunzi wote. Wengi walipanga mitaani, na vyumba vya nyumba ile havikukaa vitupu. Mwenye nyumba alikuwa mkali kwa jambo moja. Kila mpangaji alipewa funguo mbili za kitasa chake, akaambiwa: huu wako, huu wa pili mpe jirani yako. Hakuwaambia waache milango wazi. Aliwaambia wafunge, tena wafunge vizuri. Ila asiwepo mtu chini ya paa lake ambaye mwenzake hawezi kumfikia.

Chumba cha katikati alikaa Sekela, msichana aliyezaliwa kwenye baridi hiyohiyo. Alishika funguo za majirani zake wawili: wa Lusajo upande mmoja, na wa Nyamizi upande wa pili. Nyamizi alitoka mbali, kwenye nchi ya joto na pamba, na alimwita Sekela dada. Muhula wa kwanza alipougua malaria akashindwa kuinuka kitandani, Sekela ndiye aliyefungua kwa ufunguo ule, akampelekea uji, akamtafutia bajaji ya kwenda zahanati. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo kubwa. Ndivyo walivyoishi.

Baba mwenye nyumba akaenda shambani kuvuna. Akiwa huko, kompyuta ya Lusajo ikapotea. Mlango haukuvunjwa. Kitasa kilikuwa kimefungwa kama alivyokiacha asubuhi. Dirisha aliliacha wazi kwa ajili ya hewa, lakini lilikuwa na nondo, na mtu hapiti kati ya nondo. Kwa hiyo hakuna aliyelitazama dirisha. Walianza kutazamana wao kwa wao.

Lusajo alisema bombani, wenzake wakiwa wamepanga ndoo, na alisema kwa sauti ya kutosha. "Mwizi wetu hana haja ya kuruka ukuta. Anachota maji hapahapa."

"Usiniangalie mimi, kaka," mmoja akajibu. "Mimi hata chumvi yako sijawahi kuomba."

Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, maana macho yao yalikuwa yamefika kwa Sekela.

"Semeni basi," akasema Sekela. Akatoa ufunguo wa Lusajo mfukoni, akauweka juu ya ukingo wa bomba, akabeba ndoo yake ikiwa haijajaa.

Tangu hapo nyumba ile ikawa na ukimya mpya. Vyombo vilivyokuwa vikianikwa barazani vikarudishwa ndani vikiwa bado na maji. Madirisha yakafungwa hata mchana. Aliyekwenda chooni alifunga mlango wake kwanza. Mtu akipita mbele ya chumba cha mwenzake alikohoa, ili ijulikane kwamba anapita tu. Na mmoja baada ya mwingine wakaombana funguo zao, kwa adabu, kila mmoja na sababu yake.

Nyamizi alikuja mwisho. Alisimama mlangoni pa Sekela, hakuingia.

"Dada, si kwamba nakushuku. Ni watu tu, wanasemasema. Hata wewe ukae kwa amani."

"Chukua," Sekela akasema. "Mbona unajieleza?"

Nyamizi akauchukua ufunguo, akaufunga na ule wa kwanza kwa uzi mmoja. Hawakuacha kusalimiana. Waliacha kuongea.

Ikaja wiki ya mitihani, na pamoja nayo manyunyu yasiyokatika. Nyamizi alirudi kutoka chuoni asubuhi akitetemeka. Alikuwa na mtihani mwingine alasiri. Akawasha jiko la mkaa barazani, akainjika maharage. Zamani angeyaacha hapo akaingia kusoma, na yeyote aliyepita angeongeza maji. Sasa hakuweza kuacha sufuria nje. Na tena alisikia baridi. Akalibeba jiko na sufuria yake, akaingia navyo ndani, akafunga mlango na kitasa.

Sekela alikuwa barazani anafua. Alimwona. Alikuwa amekulia kwenye baridi, alijua moto wa mkaa haufungiwi ndani pamoja na mtu. Kwamba hewa yake haina harufu, na humlaza mtu asiamke. Dirisha la Nyamizi lilikuwa limefungwa. Sekela akafungua kinywa amwambie. Kisha akawaza: atasema nahesabu anachoingiza ndani. Akafumba kinywa, akaendelea kufua.

Baada ya muda maharage yakaanza kuungua. Harufu ikatoka chini ya mlango, ikaenea baraza nzima. Kila aliyekuwa nyumbani aliisikia, na kila mmoja alijua inatoka wapi. Lakini nyumba ile ilikuwa imefika mahali ambapo kusimama mlangoni pa mtu ni kujitia hatiani. Sekela alivumilia, akashindwa. Akakung'uta povu mikononi, akaenda hadi mlango wa Nyamizi, akainua mkono abishe hodi.

Pazia la chumba cha Lusajo likasogea. "Unatafuta nini hapo?"

Sekela akaushusha mkono. Akarudi kwenye beseni lake.

Alasiri wenzake Nyamizi walipotoka chuoni wakauliza mbona hakuja kwenye mtihani. Hapo ndipo watu walipokimbia. Wakabisha, wakaita, wakapiga mlango kwa mabega. Lusajo akaazima shoka kwa jirani, akauvunja. Ulikuwa mlango mzuri, wa mbao ngumu, ukawachelewesha. Nyamizi alikuwa amelala juu ya kitanda, viatu miguuni, kitabu kimefunguliwa kifuani kwake. Jiko lilikuwa bado na majivu ya moto. Hakuna kilichoibwa chumbani.

Baba mwenye nyumba akarudi, na vumbi la shamba kwenye viatu vyake. Wapangaji wakamzunguka uani, wakaanza kumweleza habari ya kompyuta, habari ya mlango, nani alisema nini bombani na nani alijibu nini. Akawaacha waseme hadi wakachoka. Mtu aliyefiwa na mtoto wa watu chini ya paa lake hana haraka ya kujua nani aliiba. Kisha akautazama mlango uliovunjwa, akauliza jambo moja tu.

"Ufunguo wa pili wa chumba hiki alikuwa nao nani?"

Sekela akaanza kulia. Wanawake waliokuwa ndani wakimwandaa marehemu walikuwa wamekwisha kuziona funguo zote mbili chini ya mto wake, kwenye uzi mmoja.

Kabla matanga hayajaisha, habari ikaja kutoka mtaa wa juu. Amekamatwa mtu mwenye ufito mrefu wenye ndoano, ambaye hupita mchana na kuvuta vitu vya watu kupitia kwenye nondo za madirisha. Kompyuta ya Lusajo ilikutwa kwake. Lusajo alirudishiwa, lakini hakuiwasha. Aliichukua akaenda kusimama mlangoni pa Sekela, na chumba kilikuwa tayari kitupu. Sekela alikuwa amehama asubuhi ile bila kuaga. Mwizi yule hakuwahi kuingia ndani ya nyumba ile. Alichukua kompyuta moja akaenda zake. Funguo walinyang'anyana wenyewe.

Ndugu zangu, nanyi mnaosoma mbali na kwenu, na ninyi wazazi mnaowaombea ulinzi kila asubuhi: leo mmefunga milango yenu mkaja hapa kusali, na mmefanya vyema. Lakini Mwenye nyumba akirudi akauliza, ufunguo wako wa pili utasema uko kwa nani?