Vifusi vya Subilaga

Jicho la wivu hulima kwa jirani. Ndivyo Mkuu wa shule alivyowaambia leo asubuhi mstarini, nanyi mkaguna, kisha mkaja jikoni kwangu kuuliza maana yake. Karibuni. Lakini vuteni hayo mabeseni mmenye ndizi huku mnasikiliza, maana maneno matupu hayajazi sufuria. Na wewe Ikupa, acha kwanza kunieleza jinsi Atuganile, huyo hapo kando yako, alivyopata swali zuri la utafiti kuliko wenzake. Nimekusikia. Siku msemo huo ulipozaliwa mimi nilikuwa palepale, mwanafunzi wa kidato cha tano kama ninyi, na ulizaliwa hivi.

Shule ilikuwa hii hii ya wasichana, na mvua za Tukuyu zilikuwa hizi hizi. Tulikuwa na mwalimu aliyeitwa Kasyupa, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, asiyependa haraka. Yeye ndiye aliyeleta jambo ambalo hatukuwahi kulisikia: kila msichana afanye utafiti wake mwenyewe kwa mwaka mzima, bila kuandikiwa chochote ubaoni. Kabla ya mwaka huo kuanza alitupa muhula mmoja wa kujiandaa. Katika muhula huo kila mmoja atafute swali lake, kisha alizoee.

"Swali jema," alituambia, "ni lile unaloweza kulifikia kwa miguu yako kila asubuhi. Ukishalipata, nenda ukaliangalie hata siku ambazo halina cha kukuonyesha. Na siku usiyoiona, usiijaze kwa kubuni."

Mwisho wa muhula tungesimama mbele ya walimu, kila mmoja alitetee swali lake. Atakayefaulu angeingia mwaka wa utafiti. Atakayeshindwa angebaki nyuma akikariri, huku wenzake wakienda zao shambani na mtoni kutafuta mambo yao. Hakuna aliyetaka kubaki, na Tusekile ndiye aliyetaka kidogo kuliko wote.

Tusekile alikuwa wa kwanza darasani tangu kidato cha kwanza. Alizoea kuitwa mbele kupongezwa kama sisi wengine tulivyozoea kuitwa kufagia. Basi akaleta swali la ukubwa wake: hali ya zao la chai katika nyanda zote za juu kusini, jana, leo na kesho. Mwalimu Kasyupa akalisoma taratibu.

"Utafika huko kote na kurudi kabla ya uji?" akamuuliza.

Darasa likacheka. Mwalimu akalipunguza swali lile mpaka likawa mstari mmoja tu wa vichaka vya chai, ule ulio kwenye mteremko juu ya uwanja wa netiboli. Kazi ya Tusekile ikawa kutazama, baada ya majani kuchumwa, ni vichaka gani hutangulia kuchipua, vya kivulini au vya juani. Alikubali, lakini uso ulikuwa umemvimba.

Kisha akasimama Subilaga. Huyu alikuwa msichana mpole wa katikati ya darasa, mtoto wa muuza ndizi, ambaye hata walimu walilisahau jina lake. Akasema anataka kujua kama mafuko, wale wanyama wadogo wachimbao chini ya uwanja wa netiboli, hufukua udongo zaidi mvua ikinyesha au ikikatika. Tulicheka mpaka tukalala juu ya madawati. Mafuko, jamani. Mwalimu Kasyupa hakucheka. Aliweka chaki chini, akaenda dirishani, akautazama uwanja na vile vifusi vyake vya udongo mwekundu.

"Sijui," akasema. "Na sidhani kama humu ndani kuna anayejua."

Halafu akatabasamu. Hakuwahi kumtabasamia mtu hivyo, na Tusekile aliliona tabasamu lile likimpita yeye na kwenda kutua kwa mtoto wa muuza ndizi.

Wivu, wajukuu zangu, hauna kelele. Hukaa kifuani, ukala nawe na kulala nawe. Tusekile alianza kukerwa na kila kitu cha Subilaga: viatu vyake vyenye tope, jinsi alivyochuchumaa kwenye vifusi, hata jinsi alivyosema "mafuko wangu". Na kwa bahati mbaya, au nzuri, mstari wa chai ulikuwa juu na uwanja ulikuwa chini. Kila asubuhi Tusekile alipokwenda kwenye chai yake, alimwona mwenzake chini pale akihesabu. Naye akaanza kuhesabu.

Sisi tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, mimi chini, yeye juu. Nikamuuliza unahesabu ya nini.

"Nitamnasa tu," akaniambia. "Iko siku atakosea, au ataandika uongo. Siku hiyo mimi nitakuwa na hesabu iliyo sawa."

"Na chai yako?"

"Chai haina miguu," akasema. "Itakwenda wapi?"

Muhula ukasonga. Mvua kubwa zilipoanza, Subilaga akashikwa na malaria akalazwa hospitalini, akakaa huko zaidi ya wiki. Tusekile alifurahi. Nasema wazi kwa sababu nilimwona, aliimba akifua. Lakini ajabu ni hii: hata mwenzake alipokuwa hayupo, yeye aliendelea kwenda mteremkoni kila asubuhi na kutazama uwanja, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino lililong'oka. Alitaka kuuona uwanja ukiwa mtupu, bila Subilaga, na huku akiutazama alihesabu.

Siku ya kutetea maswali ikafika. Subilaga alikuwa amerudi, amekonda, sauti haijamkaa vizuri. Akaeleza mambo yake kwa mpangilio, na walimu wakawa wanatikisa vichwa kwa kukubali, mpaka Mkuu wa shule wa wakati ule, mama mkali ambaye tangu mwanzo hakuupenda mpango huu, alipoingilia, daftari la Subilaga mkononi.

"Hapa katikati pametoboka," akasema. "Siku hizi zote hazina kitu."

"Nilikuwa hospitalini, Mkuu."

"Kama muhula tu umetoboka hivi, mwaka utaufikishaje? Basi angalau tuambie unadhani mafuko wako walifanya nini."

Subilaga akamtazama Mwalimu Kasyupa, lakini Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Msichana akajua kwamba nafasi yake inaponyoka.

"Mvua ilikuwa kubwa, Mkuu, niliisikia nikiwa wodini," akasema polepole. "Siku za mvua huwa wanafukua zaidi. Nadhani walifukua sana."

"Si kweli."

Tuligeuka wote. Tusekile alikuwa amesimama nyuma, macho yanang'aa. Muhula mzima alikuwa ameingoja saa hiyo, na sasa imefika mbele ya walimu wote.

"Hawakufukua kabisa," akasema. "Maji yalituama uwanjani, wakakimbia. Walihamia juu mteremkoni. Uwanjani walirudi Jumapili jua lilipotoka, wakaanzia kwenye mlingoti wa goli ulio upande wa kanisa."

Mwalimu Kasyupa akainua kichwa.

"Umejuaje, Tusekile?"

"Niliwahesabu, Mwalimu."

"Lini?"

"Kila asubuhi."

Mwalimu akachukua hesabu za Subilaga za siku ambazo hakuwa mgonjwa, akamuuliza Tusekile siku moja baada ya nyingine. Akajibu zote kwa kichwa, na zote zikalingana. Mara moja tu zilipishana. Subilaga akafikiri, kisha akasema, "Yeye ndiye yuko sawa, Mwalimu. Kile kifusi cha nyuma ya mlingoti nilikisahau."

Hapo Tusekile akatabasamu. Amemnasa.

"Vizuri sana," akasema Mwalimu Kasyupa. "Sasa tuambie ya kwako. Baada ya kuchumwa, ni vichaka gani vilitangulia kuchipua?"

Tabasamu likabaki usoni.

"Vya kivulini au vya juani?"

Tusekile akatazama dari.

"Twendeni tukaangalie," akasema Mwalimu, na sote tukatoka, walimu na wanafunzi, tukapanda mteremko. Mstari ule wa chai ulikuwa umepitiliza. Machipukizi hayakuwa machipukizi tena, yalikuwa majani makubwa, magumu, na huwezi tena kujua lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Kati ya vichaka, palepale alipokuwa akisimama kila siku, vilikuwapo vifusi vya mafuko waliokimbia maji. Hivyo alikuwa amevihesabu vyote.

Mwalimu Kasyupa akachuma jani moja, akalikunja, likakataa kukatika.

"Tusekile," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "jicho kama lako nimelitafuta kwa wanafunzi wangu miaka mingi. Umelipata, kisha umelipeleka kibarua. Muhula mzima limelima kwa jirani, na shamba lako limekuwa pori."

Mkuu wa shule alikata shauri hapohapo mteremkoni. Lile pengo la Subilaga lizibwe kwa hesabu za Tusekile, na iandikwe kwamba ni zake. Subilaga aingie mwaka wa utafiti. Tusekile abaki, ajiandae upya.

Jioni tulikuwa bombani tunateka maji. Tusekile alikuwa amejitenga pembeni. Subilaga akaja, akaweka ndoo yake chini, akamshika mikono yote miwili kwa heshima, kama anayemshika mkubwa wake.

"Ndaga, dada," akamwambia kwa Kinyakyusa. "Asante. Bila wewe ningerudi nyumbani na pengo langu."

Hakuwa anamdhihaki. Alishukuru kwa moyo mweupe, na asante ile ilimuuma Tusekile kuliko kushindwa kwenyewe. Aliketi juu ya ndoo akalia. "Nilimchukia," akaniambia, "na kumbe ndiye niliyemfanyia kazi." Mwaka uliofuata alipoanza upya, Mwalimu alimwambia achague mahali pa utafiti wake. Akachagua nyuma ya jiko, ambako uwanja hauonekani, na huko akafanya kazi nzuri.

Sasa, Ikupa. Tangu umeketi hapa umenieleza swali la Atuganile, ndizi zipi anazifunika na zipi anaziacha wazi, na Mwalimu alimsifu kwa maneno gani. Unalijua vizuri, hata mimi ningeweza kulitetea. La kwako ni lipi?

Usinitazame mimi. Haya, tazama beseni la Atuganile, ndizi zake zote zimemenywa. Tazama na la kwako. Jicho la wivu, mjukuu wangu, hulima kwa jirani.