Kibuyu cha Nguchiro na Magunia ya Kiboko

Hapo zamani za kale, enzi wanyama wakifua wenyewe na kugombania povu, palikuwa na Nguchiro mjane, jina lake Chausiku. Mali yake ilikuwa jiwe moja la kufulia pale mtoni. Sabuni aliyopika na kuiuza jiweni hapo ndiyo iliyowalisha wanawe.

Asubuhi moja, tii! tii! tii! Kiboko huyo, Bwana Mashavu.

"Wee mama mkia-fagio! Jiwe hili ni langu kuanzia leo."

"Kwa sheria ipi, jirani?"

"Ya tumbo hili!" Akalipiga: bu!

Nguchiro akaanika meno. "Basi tushindane. Mwenye maji makali zaidi ya kupikia sabuni achukue jiwe. Ila nakusihi, baba, mimi nina kibuyu tu. Usije ukatia magadi yako yote ya ghalani, utaniua!"

Aliyeitwa kuamua ni Korongo, muuza juisi ya choya, yale maua mekundu. Akanyoosha shingo: "Kipimo cha pH huanza sifuri hadi kumi na nne. Chini ya saba ni asidi, juu ya saba ni besi, kama maji yenu ya sabuni. Juisi yangu ni nyekundu kwenye asidi. Ikikutana na besi dhaifu huwa kijani. Ikikutana na besi kali, njano! Kijiko kimoja kila mtu, haya!"

Kiboko akamimina gunia la magadi kwenye pipa la maji, chubwi! Akakoroga. Kijiko kikaingia kikombeni mwa juisi: kijani.

"Uwii, nimekwisha! Usiongeze!" Nguchiro akajishika kichwa.

"Nisiongeze? Mimi?" Chubwi! Kijani. Chubwi, chubwi! Ghala likabaki na buibui. Kijani kilekile!

Nguchiro akafuta machozi ya uongo. Kibuyuni mlikuwa na maji ya majivu aliyoyachemsha na chokaa, akayachuja. Kijiko kimoja tu, na juisi ikageuka njano, njano ya kiini cha yai!

"Uchawi!" Kiboko akanguruma. "Kibuyu hakijazi hata tundu la pua yangu! Lete nionje!"

"Thubutu! Yatakubabua ulimi, ushindwe hata kunitukana. Sikia, Bwana Mashavu. Chembe zangu zikiingia majini huachana zote, zote zinashika kazi. Za magadi yako? Chache zinafanya kazi, nyingine zimejilalia tu. Ukileta magunia zaidi, unaongeza walalaji!"

Korongo akacheka mpaka akakalia vikombe vyake. "Jiwe la Chausiku!"

Wana wa Nguchiro wakaruka juu ya jiwe wakipiga vigelegele.

"Na mimi pipa hili nilifanyie nini?" Kiboko akanong'ona.

"Pikia maharage, jirani. Yatalainika vizuri. Tutakuja kijiji kizima, na sahani zetu!"

Basi wanangu, ukali wa besi hautokani na wingi wa magunia, wala akili haipimwi kwa upana wa tumbo.